Viatu vya Katibu kwenye Arobaini Yako

Itetemia, Tabora
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Bi Chausiku, mtani wangu,

Shikamoo. Nimeanza kwa adabu, usizoee. Nimekukasirikia na nitakuambia hivyo hivyo. Mtu hafi katikati ya msimu. Miaka kumi na moja umekuwa mtunza vifaa wa Mninga Queens, ratiba unaijua kuliko kocha, halafu unachagua kuondoka Jumatano baada ya mechi ya tisa, tukiwa na pointi ishirini. Tumeshinda sita, sare mbili, tumefungwa moja, na mimi golini nimeruhusu mabao matano tu. Nafasi ya pili. Nakuandikia hesabu hizi kwa sababu sasa hazipo mahali pengine popote.

Zimefutwa, Bi Chausiku. Mechi zote tisa. Msimu wetu umefutwa kama ubao wa darasani, na mdomo uliosababisha ni huu wangu, nahodha wako Kabula. Wenzangu wananiambia si mimi. Wewe nitakueleza ilivyokuwa, maana hukuwahi kunifariji kwa uongo.

Kwanza mazishi, usije ukadhani tulikutupa. Wanyamwezi wa timu tulikuwa saba na utani tuliutimiza. Nilivaa kitenge chako cha kijani, nikaning'iniza filimbi yako shingoni, nikapita katikati ya waombolezaji mkono kiunoni nikifoka: "Nani kaacha soksi ndani ya kiatu? Mnadhani mimi mama yenu?" Wifi yako alikuwa analia, akacheka, akalia tena. Kisha tukajilaza mlangoni saba sisi, jeneza lisipite mpaka Wazaramo wenzako walikomboe. Mzee mmoja wa kwenu akatoa pipi moja ya kijiti, eti hiyo ndiyo thamani yako. Niliila pale pale chini. Sikujua kwamba pipi inaweza kuliwa na machozi, ikawa tamu na chumvi...

Basi. Tuendelee.

Zawadi unamwacha na goti. Unakumbuka mechi ya saba, alivyoanguka pembeni mwa uwanja, ukakimbia na kandambili zako mpaka kwa muuza samaki na kurudi na barafu. Goti lilinuka sato siku mbili. Ulimwambia, "Wewe mtoto wa Ulyankulu, wazazi wako wanalima ardhi ngumu kuliko uwanja huu. Tulia." Daktari alisema apasuliwe, na miezi sita asikimbie. Ulikuwepo aliposema.

Ambacho hukukiona ni siku ya ishirini na mbili tangu aumie. Si ya ishirini na moja, wala ya ishirini na tatu. Mkataba wetu una kifungu cha kumi na nne: mchezaji akikosa mazoezi zaidi ya siku ishirini na moja, kwa sababu yoyote ile, mkataba umekoma. Tulisaini wote tukiegemea boneti ya gari, tukicheka, kila mmoja anawahi soda. Wewe ulikufa siku ya kumi na saba ya goti lile. Siku tano baadaye Zawadi akaletewa barua, atoke kambini kabla ya magharibi. Nilimkuta amekwisha kutia nguo kwenye mfuko wa salfeti. Akaniuliza, "Dada Kabula, nikifika nyumbani nimwambie mama nini? Kwamba goti langu limefukuzwa kazi?"

Nikambeba mimi, na salfeti yake, mpaka kwangu. Vile vyumba viwili nilivyojenga kwa kuuza asali ya Ipole, ndoo kwa ndoo, vile ulivyokuwa unaviita jumba la kifalme la nyuki. Chumba kimoja sasa ni chake.

Halafu nikaenda kwa katibu wa klabu.

Katibu unamjua kuliko mimi, Mzaramo mwenzako, ulikuwa unamwita "mdogo wangu". Tangu alipotoka Dar mwaka jana hatujawahi kusalimiana kama watu wa kawaida. Mimi kwake pagazi, yeye kwangu mla mihogo. Kama mimi na wewe. Nikaenda na manahodha wasaidizi wawili na mambo matatu: kifungu cha kumi na nne kifutwe, goti litibiwe na klabu, Zawadi arudi kambini. Niliyataja kwa sauti, moja, mbili, tatu, nikihesabu kwa vidole.

Akacheka. "Wapagazi wamegoma! Babu zenu walitembea kutoka hapa mpaka pwani na meno ya tembo mabegani. Nyinyi goti moja tu, mnalia?"

Sasa Bi Chausiku, wewe unajua utani unavyowasha ulimi. Mtani akikutupia neno, ukinyamaza umeshindwa. Nikamjibu: "Mtani, Mnyamwezi hatui mzigo njiani. Hata mguu mmoja ukikatika tutacheza na uliobaki, na huo uliobaki tutakufunga nao wewe matatu." Chumba kizima kikacheka. Katibu alicheka mpaka akavua miwani, na huku anaandika. Nilidhani anaandika yale mambo yangu matatu. Mwisho akapitisha karatasi ya mahudhurio, tukasaini.

Siku mbili zikapita, jibu likaja: hapana kwa yote.

Alfajiri ya safari ya mechi ya kumi tulifika kwenye basi wote, na mabegi. Dereva akafungua buti. Tukayaweka mabegi chini, mbele ya buti, tukayakalia. Wachezaji ishirini na mmoja, na Zawadi wa ishirini na mbili kwenye kiti cha plastiki. Babu yangu alikuwa anasimulia kwamba wapagazi walifanya hivyo hivyo, tajiri wa msafara akitaka kumwacha mgonjwa porini: mzigo chini, hakuna anayeondoka. Nilikuwa nadhani ni hadithi za kulalia. Kocha alitubembeleza mpaka jua likachomoza. Alipochoka akakaa naye, juu ya mfuko wa mipira. Dereva akazima injini, akaenda kunywa chai.

Mechi ya kumi hatukwenda. Ya kumi na moja hatukwenda. Kanuni unaijua: mbili hukutokea, umetoka.

Tulikwenda kwenye kikao cha ligi nikiwa sina wasiwasi. Nilikuwa na barua ya daktari, nakala ya mkataba, tarehe zote kichwani. Nikaongea dakika kumi na mbili bila kukwama. Kisha katibu akasimama na muhtasari wa kile kikao chetu. Akasoma: "Nahodha alikiri kuwa wachezaji wako tayari kuendelea kucheza hata wakiwa na majeraha, bila sharti lolote." Chini yake, ile karatasi ya mahudhurio. Saini yangu.

Nikasema, "Ule ulikuwa utani!"

Mwenyekiti wa kikao hakuwa mtu mbaya. Alipekua mkataba kurasa zote, akaniangalia juu ya miwani. "Utani ni kifungu namba ngapi?"

Nikapekua nakala yangu mimi pia, namba haikuwepo. Mimi, ambaye ulikuwa unaniambia nitahesabu hata udongo wa kaburi langu. Kwetu hapa hakuna mtu aliyewahi kulazimika kujibu swali hilo. Neno la mtani halipelekwi barazani. Unaweza kuniibia kuku, ukanitukania ukoo, nikacheka. Nilimwamini kwa sababu alinitania. Tungekuwa hatutaniani, ningesoma kila mstari kabla ya kushika kalamu. Hilo ndilo kosa langu, na sijifichi: ishirini zikawa sifuri, timu ikashushwa daraja, na kwenye taarifa ikaandikwa kwamba wachezaji ndio walioleta mgogoro.

Siku zile ungekuwepo ungenipiga na ndala. Nilikuwa natangatanga. Wasichana watatu walifungasha wakaenda kutafuta timu pengine, siwalaumu. Kumi na tisa wakabaki. Jumamosi saa kumi, saa ya mechi, watu wa mjini walikuwa wanapita dukani kwangu wananunua asali wasiyoihitaji ili waniulize: "Kwani ni kweli mmegoma?" Niliuza vizuri, nikanyong'onyea vizuri.

Siku moja nikafungua sanduku la jezi. Ulikuwa umezikunja kuanzia moja mpaka ishirini na mbili, zote zimegeuzwa ndani nje kama unavyozianika. Namba kumi na saba, ya Zawadi, umeishona begani kwa uzi wa bluu kwa sababu mweupe uliisha. Zilikuwa safi. Nikazifua tena zote kwa sabuni ya mche, nikaota malengelenge mikononi kwa ujinga. Nilitaka tu kufanya kitu ambacho ungekikagua.

Ikaja arobaini yako. Hitma ilisomwa uani kwako, mikeka mpaka barabarani, na Wazaramo wote wa Tabora walikuja. Katibu naye akaja, kanzu imenyooka, akavua viatu mlangoni kama kila mtu. Viatu vya kahawia, vya kamba, nadhani namba arobaini na mbili. Nilingoja. Dua ikaisha, pilau ikaliwa, watu wakanawa. Ndipo nikaenda mlangoni, nikavichukua, nikavifunga kwa kamba na kuvivaa shingoni.

Akatoka akaviona. Akacheka, "Pagazi wewe, rudisha viatu vyangu."

Nikamwambia, "Navirudisha, mtani. Lakini leo ni siku ya Bi Chausiku, na mimi ni mtani wake. Nina neno langu." Nikatoa nakala ya muhtasari nikausoma mbele ya wote, polepole. Kisha nikasema alichonitania, na nilichomjibu, neno kwa neno. Nilipofika kwenye kumfunga matatu kwa mguu mmoja, watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika. Wakaanza kuangaliana.

Yule mzee wa pipi ndiye aliyeuliza. "Kijana. Utani umeuandika kwenye karatasi?"

Katibu akajibu, "Mzee, yale ni mambo ya ofisi."

"Nimekuuliza umeandika?"

Na wifi yako kutoka jikoni, mwiko mkononi: "Ukaupeleka na barazani! Sasa sisi tutazikwa na nani huku Unyamwezini? Nani atakubali kutulalia mlangoni, kama kila neno mnapiga muhuri?"

Hapo ndipo nilipomwona katibu anabadilika. Kwenye kikao cha ligi alikuwa ofisa, na ofisa haoni haya. Pale alikuwa mtoto wa watu, miguu peku, mbele ya wazee wake. Sikumzomea. Wala sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Wazee wakamtoza mbuzi mmoja, akaliwa na timu. Lakini mbuzi hakuwa shida yangu. Nilimpa kalamu. Aliandika kwa mkono wake, ameketi kwenye mkeka wako, kwamba maneno yale yalikuwa utani, kwamba nahodha hakukubali chochote, na kwamba madai yalikuwa matatu. Mashahidi sita wakasaini. Safari hii nilisoma mara mbili kabla ya kukunja. Ndipo nikamvalisha viatu mwenyewe.

Kwa barua ile nilikwenda Urambo kwa tajiri wetu wa tumbaku, mwenye timu. Nilimwekea mezani hesabu moja tu. Ligi ya chini inataka wachezaji kumi na wanane kusajili timu. Mimi ninao kumi na tisa, na hakuna atakayesaini kifungu cha kumi na nne. Nikimwondoa mmoja, bado ana timu. Nikiwaondoa wawili, ana basi na mipira na hana timu. Akasema, "Kumbe uliniletea hesabu, nilidhani umeniletea kilio." Nikamwambia kilio tulimaliza kwa Bi Chausiku.

Alichukua wiki mbili. Wakili wake alikuja na mkataba mpya, nikakaa nao siku nzima dukani, namuuliza neno kwa neno mpaka akaomba maji. Kifungu cha kumi na nne sasa kinasema mchezaji akiumia uwanjani atatibiwa na klabu, na nafasi yake kambini ni yake mpaka mkataba uishe. Zawadi amepasuliwa. Amebaki na gongo moja la kutembelea, na anaringa nalo.

Msimu haukurudi. Niliomba, wakakataa, uliofutwa umefutwa. Usingefurahi, ulishaanza kuniambia utavaa nini siku ya kombe. Mimi mwenyewe nina miaka thelathini na mitatu, na msimu kama ule sitauona tena nikiwa nadaka. Kila nikipiga hesabu inakuja ile ile: pointi ishirini kwa goti moja. Na kila nikiirudia, naona tulinunua kwa bei nzuri. Lakini nisikudanganye, kuna asubuhi inauma.

Kesho tunaanza mazoezi, daraja la chini, viwanja vya mchanga na mbuzi golini. Jezi tunafua wawili wawili kwa zamu, na hakuna anayezikunja kama wewe. Sijampa mtu kiti chako kwenye basi. Kocha anataka kuweka ndoo ya maji pale, namkatalia.

Pumzika, mtani wangu, wewe mla mihogo uliyetulea watoto wa wapagazi kama wako. Mungu akupanulie hapo ulipo. Mimi ahadi yangu kwako ni moja, nami naiandika hapa nikijua ninachosaini: maadamu ninapumua, mchezaji wa timu hii hatatoka kambini akichechemea na mfuko mkononi. Na siku nitakapovua glavu, atakayezivaa nitamsomesha mkataba kabla sijamsomesha kudaka.

Wako,
Kabula