Barabara ya Stima na Fomu Tisa za Masimba

Masimba,
Jumanne, 12 Agosti 2025.

Kwa kaka yangu Angwenyi,

Nakusalimu sana, nikitumaini mgongo umepunguza kukusumbua na foleni ya malori hapo mpakani Isebania imesogea tangu ulipompigia Mama Jumapili. Sisi tuko wazima. Ng'ombe amezaa ndama wa kike, na mvua inanyesha kila alasiri kama imeajiriwa. Usicheke kwamba nimeandika karatasi badala ya kupiga simu. Unanijua, kwenye simu maneno yangu huishia kwenye salamu.

Kaka, likizo hii nimepata kazi. Amekuja injinia kutoka Nairobi, anaitwa Emily, kuchunguza kama malori yanayovuka kwenda Tanzania yanaweza kuendeshwa kwa stima ya barabarani. Nilidhani ni mzaha. Akanichorea kwenye daftari: nguzo kando ya lami, nyaya mbili juu, na lori lenye kitu kama mkono juu ya paa, unaogusa nyaya na kunyonya stima huku lori linakwenda. Likitoka kwenye nyaya, linatumia betri. Alisisitiza kwamba bado hakuna uamuzi, wanapima tu kama itafaa. Tangu siku hiyo siwezi kuona mlima bila kujiuliza utakula stima kiasi gani.

Kwanza nilihesabu. Siku tano chini ya mwavuli, kila lori naandika lina ekseli ngapi, limebeba nini, linakwenda wapi. Sasa namjua dereva aliyechoka kwa jinsi anavyobadilisha gia. Maswali niliyomwuliza Emily, mpaka nilijionea haya! Watanzania wasipoweka nyaya upande wao, je, betri italifikisha lori Mwanza? Alikiri kwamba hata yeye hapo ndipo anapokwama. Mama naye alitaka kujua, stima ikipotea siku tatu kama tulivyozoea hapa kwetu, hayo malori yatasukumwa na nani. Emily alicheka sana, kisha akaliandika swali hilo kwa kalamu nyekundu.

Halafu zikaja fomu. Nguzo zingesimama palepale malori yanapoegeshwa, na lori linalopata stima likiwa mwendoni halina haja ya kusimama Masimba. Kwa hiyo Emily alitaka maoni ya watu tisa wanaofanya kazi kando ya barabara. Wengi ni wazee na wanajieleza vizuri kwa lugha yetu ya Ekegusii, nami niliambiwa niwasikilize, kisha niandike majibu kwa Kiingereza.

Hapo ndipo nilipoharibu, kaka.

Mama Kwamboka, yule wa ndizi mbivu, alisema siku trekta ya kuchimba mashimo ikifika atasimama mbele yake na kuvua nguo zote, tuone dereva atakayethubutu kupita. Unajua hilo si tisho dogo kwa mama wa umri wake. Mzee Ochoki wa kuziba pancha alimtaja mama mzazi wa aliyeleta wazo hilo kwa namna ambayo hata wewe siwezi kukuandikia. Wale wengine sita nao hawakuwa na maneno laini zaidi. Wale ni rika la Mama na marehemu Baba. Nimelelewa kwamba mtoto akisikia maneno kama hayo kwa wazazi huinamisha kichwa na kujifanya hakusikia. Basi nikainamisha kichwa. Kwa Kiingereza safi nikaandika: Hana pingamizi. Fomu nane, jibu moja.

Ya tisa ilikuwa ya Mama, na chapati zake za madereva. Yeye hakutukana. Alifuta mikono kwenye leso, akaniuliza polepole, sasa atampikia nani? Kaka, nikaona jibu lake litasimama peke yake kati ya yale manane, lionekane nampendelea mzazi wangu. Nikaandika vilevile.

Jana Emily alinisifu. Alisema kati ya vituo vyote, Masimba peke yake haikupinga, kwa hiyo ataipendekeza iwe mahali pa kujaribia kilomita ya kwanza, bila eneo la kuegesha. Nilitabasamu, nikaenda chooni nikalia.

Asubuhi hii nilimwendea Mama Kwamboka, nikamweleza yote nikiangalia viatu vyake. Nilingoja kofi. Alicheka mpaka akashika meza, akanambia yale aliyasema ili yafike Nairobi, sasa mimi nimeyaficha ya nini? Akanilazimisha niandike mbele yake, neno kwa neno. Nimezijaza upya fomu zote tisa. Emily anarudi Alhamisi kabla ya kuandika ripoti, nami nitampa kwa mkono wangu na kumwambia zile za kwanza zilikuwa uongo wangu. Mama nitamwambia leo jioni. Ninaogopa, lakini nitamwambia.

Sitaki barabara ile ife, kaka. Nataka iwe na mahali pa kusimama. Nisaidie jambo moja: niandikie umesubiri saa ngapi hapo mpakani, safari hii na ile iliyopita. Emily hana hesabu hiyo, nami nashangaa kwa nini tuharakishe lori Masimba likalale Isebania.

Dereva Sadiq ndiye atakayekuletea barua hii. Ameegesha nje, anamalizia chapati ya Mama, na amekubali kuningoja niweke sahihi.

Mama anakusalimu, na ndama pia, hana jina bado.

Mdogo wako,
Phanice Nyanchera