Shangazi Amekuja Kunichukua

Jumatatu, 5 Novemba 1962
Nimefundisha siku za wiki tena. Darasa zima linatamka Kiingereza kwa ulimi wa Kifaransa. Nacheka, wananicheka. Nimerudi sauti imekauka.

Mama Saidi mwenye nyumba kaniletea bugali, ndivyo huku wanavyoita ugali, na ndagala, dagaa wetu, za mawese, sahani imefunikwa vizuri. Kila siku hivyo hivyo, kama mimi afisa. Wao wanakula pamoja uani. Nashukuru kwa kweli. Ila nakula peke yangu.

Jioni nimemtungia uzi kwenye sindano Bibi, mama yake Mama Saidi. Macho yake yamechoka. Jina langu hajalishika bado, ananiita ule mutoto wa Tanganyika.

Jumatano, 7 Novemba
Mchuuzi wa chumvi kaleta salamu kutoka Ujiji. Shangazi Mwajuma yuko njiani. Mama kamtuma aje aone nakaaje huku Rumonge, Burundi. Akisema rudi, narudi.

Tangu nichukue kazi hii nyumbani wanazungumza kana kwamba nimekwenda Ulaya. Ziwa ni lile lile! Nimekasirika. Nimependa kufundisha hapa. Sitaki kurudi.

Jumamosi, 10 Novemba
Shangazi alifika jana. Kakagua kitanda, jiko, choo. Sahani za mchana zimekuja mbili, zimefunikwa zote. Kala vizuri, kanawa, ndipo akanishukia.

"Hapa unaheshimiwa tu, Zuhura. Watu huna. Ukiugua utamwita nani?"

Kasema boti ya Jumatano tunapanda wote. Nimelia chooni, nisisikike.

Jumatatu, 12 Novemba
Bibi amefariki alfajiri. Mungu amrehemu. Nimemtumia direkteri wa shule habari kwamba leo siji.

Uani watu tele. Mimi na Shangazi tukawekewa viti pembeni, kivulini. Wageni. Shangazi akaniangalia tu, na mimi nikaangalia chini.

Kisha Mama Saidi akatoka ndani, macho mekundu, kanga kaifunga kiunoni. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu.

"Zuhura, unakaa kwa nini? Kuja tuogeshe mama."

Ndani alikuwepo dada yake na mama mmoja mwoshaji. Basi. Na mimi. Sijawahi kugusa maiti maishani. Nilitamani kukimbia. Wakaniambia nimimine maji polepole, nikamimina. Bibi alikuwa mwepesi mno. Dada mtu akaona ninavyotetemeka, akasema mwalimu atoke apumzike. Mama Saidi akakataa. Huyu iko wa nyumba, akasema, na akanipa kopo jingine.

Nilipotoka Shangazi alikuwa amesimama karibu na mlango. Akakunja mikono ya gauni, akaenda kumenya mihogo na wanawake wengine.

Bibi kazikwa alasiri. Wanafunzi wangu wamechota maji siku nzima, hakuna aliyewatuma. Mungu awabariki.

Jumanne, 13 Novemba
Msiba bado. Leo nimesonga bugali ya watu wote, sufuria kubwa kuliko mimi. Jirani mmoja kanigombeza mbele za watu, eti nimepika uji, nani alinifundisha, niongeze unga upesi. Hapo nyuma wangeila kimya na kunishukuru. Nimefurahi mno, na nimeona haya kufurahi msibani.

Shangazi kafunga kikapu chake. Boti hajaitaja. Naogopa kuuliza. Nikilazimishwa kupanda kesho, sijui nitawaaga vipi hawa.

Jumatano, 14 Novemba
Tumemsindikiza Shangazi ziwani, mimi na Mama Saidi. Nilibeba kikapu. Sanduku langu liko chumbani, hakuna aliyelitaja, na njia nzima nilikuwa nasubiri aseme, nenda kalichukue.

Penye boti Shangazi alimshika Mama Saidi mikono yote miwili.

"Nakuachia mwanao. Akikosea, mgombeze."

Mama Saidi akashukuru kwa Kirundi, murakoze, murakoze, huku analia. Shangazi kanivuta sikio, kapanda, kakaa upande wa mbele. Hakugeuka. Ndivyo alivyo.

Mchana watu wamepungua uani. Mama Saidi kakaa kwenye mkeka kando yangu, kajilaza, kichwa pajani kwangu. Kalala palepale. Hajalala tangu Bibi afariki. Mguu umekufa ganzi. Siusogezi.