Niliacha "Mpenzi Wangu" Ndani ya Tasnifu

Basi sikungoja, Bi Mshauri. Mwaka jana ulinijibu hapa hapa gazetini kwamba nimwache Nzai amalize chuo kwanza ndipo tuoane, nami jibu lako nikalikata nikalihifadhi vizuri, kisha nikaolewa Desemba, na sijuti hata kidogo, maana mume wangu akiniita tu "Mumbua" nasahau nilichokuwa nimeshika mkononi, na tulikaa pamoja siku tisa nzima, siku tisa tamu, kabla hajarudi Nairobi kumalizia shahada yake ya pili, na sasa ni wiki kumi na moja niko peke yangu hapa Mnarani, napika chakula cha watu wawili kwa kusahau, halafu nakula mchana na jioni kile kile.

Mimi nimefika kidato cha nne, na ni mpiga taipu katika ofisi moja ng'ambo ya feri, Kilifi. Bosi wetu, Bwana Mwaura, ameniruhusu kutumia mashine siku za Jumamosi, kwa hiyo Nzai hunitumia kwa posta tasnifu yake ya Kiswahili aliyoiandika kwa mkono, inayohusu nyimbo za wanawake wa Ganze wanapotwanga mahindi, nami nilifurahi mno nikidhani kila Jumamosi nitakuwa nakaa na mume wangu kupitia maneno yake. Lakini hayumo, Bi Mshauri! Kurasa arubaini nimepiga sijamkuta. Mtaalamu wa kwanza anasema wimbo hupunguza uchovu, wa pili anamuunga mkono, wa tatu anaongeza kidogo, na Nzai wangu kimya. Adhiambo, mwenzangu ofisini, hunicheka: "Bibi harusi, umeolewa na Nzai au na hao wazee wake wa vitabuni?"

Kumbe alimo ni katika barua zake kwangu. Moja aliandika hivi: "Unaona, mpenzi wangu, hao wote wanasema wimbo hupunguza uchovu, lakini mama akitwanga hunyamaza, pumzi yake ni ya mchi. Ukimsikia anaimba huku anatwanga, jua kuna mtu nyuma ya nyumba anayetakiwa asikie." Niliposoma hayo nilimwona mama mkwe wangu, Mama Kanze, kama yuko mbele yangu, nikalia kwa furaha, na Jumamosi ile, sijui niliingiwa na nini, nilipofika ukurasa wa arubaini na moja niliyaruka maneno ya mtaalamu wa tatu nikapiga ya Nzai mahali pake. Siku zilikuwa zimebana, na mwenyewe alikuwa ameniagiza niitume bahasha moja kwa moja kwa mhadhiri wake, kwa hiyo hakuiona kwanza.

Sasa msiba wangu ni huu: nilisahau kutoa "mpenzi wangu". Mhadhiri ameyazungushia wino mwekundu na kuandika pembeni, "Mimi si mpenzi wako, bwana, lakini hapa ndipo nimekusikia kwa mara ya kwanza," kisha akausoma ukurasa mzima mbele ya darasa, na huko bwenini hakuna anayemwita Nzai tena, wote wanamwita Mpenzi. Haya yote Nzai ameniandikia katika barua ambayo haikuwa hata na jina langu juu. "Umenifanya kichekesho. Mtoto wa Ganze ni nani hata abishane na wataalamu? Ukurasa huo nautoa, na sura zilizobaki nitampa mpiga taipu wa huku."

Tangu hapo ni Jumamosi tatu. Navuka vivyo hivyo, nafunua mashine, nakaa mbele yake mpaka saa saba, naifunika, narudi. Tasnifu inatakiwa mwisho wa mwezi huu. Je, nimtake radhi nimwache autoe ukurasa, au mimi wa kidato cha nne nishikilie kwamba ule ndio ukurasa pekee aliomo mume wangu?

Mumbua, Mnarani

*

Mumbua mwanangu, hukungoja. Basi hongera. Sasa futa machozi unisikilize.

Umekosa. Kazi itakayobeba jina la mtu si yako kuigeuza, hata kwa nukta moja. Usiniambie maneno ni yake: alikupa wewe, hakumpa mhadhiri. Siku ya kuhojiwa atakayesimama na kujibu ni yeye, si wewe. Kwa hilo mtake radhi, na usitie "lakini" ndani yake.

Na upweke wako nimeusikia, lakini mume hatafutwi ndani ya tasnifu. Hata ingekuwa nzuri namna gani, haitakuuliza umeshindaje.

Sasa zamu ya bwana, maana najua gazeti hili utampelekea. Wewe Nzai, waliokucheka ni wa bwenini. Mhadhiri hakukucheka. Kuandika kwamba fulani kasema na mwenzake kakubali ni kazi ya karani. Waache wataalamu waseme, hakuna anayekuambia uwafukuze, kisha useme ulichokiona wewe, kinapokubaliana nao na kinapowapinga, na kwa sababu gani. Unauliza mtoto wa Ganze ni nani? Ni mtu aliyekulia kando ya kinu kile. Wao walikaa hapo miezi mingapi?

Lakini Mumbua, barua kukuliza si ushahidi. Mwanamume anayemwandikia mke mpya hupamba. Je, mama yake kweli hunyamaza akitwanga? Siku zote? Na jirani zake? Hamjui, wewe wala yeye, na hapo ndipo wakubwa watakaomhoji watakapombana.

Jumamosi hii mashine iache imefunikwa. Nenda Ganze na daftari. Usimsomee Mama Kanze ile barua, utamtia maneno mdomoni. Shika mchi umsaidie, na mkipumzika umuulize huimba lini, hunyamaza lini, na huyo wa nyuma ya nyumba alikuwa nani. Waulize na wanawake wengine watatu au wanne. Andika jina la kila mmoja na siku aliyosema, na atakayempinga mama mkwe wako mwandike vile vile, tena kwa herufi zinazosomeka. Yote hayo, pamoja na barua yenyewe, mkabidhi Nzai mkononi, kisha unyamaze. Akiandika upya kwa maneno yake, vizuri. Akikataa, ni tasnifu yake, na wewe bado ni mke wake.

Mwandikie leo, barua fupi. Anza kwa jina lake. Omba radhi. Mwambie unakwenda kwa mama. Mapambo yote yaache, umalizie hivi tu: "Nakuja Nairobi kabla mwezi haujaisha."