Nilivyowafuta Dora na Bertha

Jumatano, Sundbyberg, hapa Uswidi. Mvua iliyochanganyika na theluji tangu asubuhi, na mimi nimejaa shukrani hadi nashindwa kutulia.

Lakini acha nikiri kwanza. Nimeharibu kazi, tena nikijiona mjanja.

Dukani kwetu tunauza kwa mnada hati za hisa za zamani, zile karatasi zenye mapambo. Mwezi huu ni za kampuni za reli za Uingereza zilizokufa kitambo. Majina yao ni marefu ajabu, kwa hiyo madalali wa soko la hisa la London walizibandika majina ya utani: Dora, Bertha, Nora. Kwenye hati zetu mtu aliyaandika pembeni kwa penseli. Mimi nikayaacha yote nje ya orodha ya mnada. Nilivyolelewa, jina la utani la mtu mzima haliandikwi kwenye karatasi rasmi. Nikaona nazipa heshima zao.

Kumbe wanunuzi hutafuta kwa majina hayo hayo. Siku tano orodha iko mtandaoni, hakuna aliyeulizia hata hati moja. Mwenye duka akaanza kuniangalia vibaya, na muda wangu wa majaribio kazini unaisha Ijumaa hii.

Aliyegundua ni Ingrid, mfanyakazi mwenzangu anayeifanya kazi hii tangu ujana wake. Hapa wote humwita Ingrid tu. Mimi mdomo unakataa, namwita mama Ingrid, naye amezoea. Hakunigombeza. Jana alivuta kiti tukayarudisha majina moja moja, yeye akisoma, mimi nikiandika, hadi akakosa treni yake. Leo asubuhi akamwambia mwenye duka kwamba tumekosea sote wawili.

Nami nikanyamaza.

Nusu saa nzima, jamani, nikipanga bahasha zilizokwisha kupangwa. Nilijiambia nina watoto, nina kodi ya nyumba. Mwishowe aibu ikanizidi. Nikaingia ofisini kwa mwenye duka nikasema kosa ni langu peke yangu, mama Ingrid hakuhusika.

Hakushtuka hata kidogo.

"Najua," akasema. "Ingrid aliniomba nisiseme neno. Alisema utakuja mwenyewe."

Kisha akatoa mkataba wangu wa ajira ya kudumu kwenye droo. Alikuwa ameshautia sahihi.

Nimelia ndani ya treni bila kujali nani ananiangalia. Mungu ambariki yule mama. Alinijuaje, na mimi mwenyewe nilikuwa bado sijajijua?