Gridi Imefika kwa Bwana Taa

4 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kile kiuno kimepoa. Mimi sijambo, ila usingizi unanipiga chenga tangu nianze zamu.

Ndiyo, kaka, nimepata kazi. Wiki ya pili sasa nakaa kwenye chumba cha kuongozea gridi. Ukuta mzima ni ramani ya laini, na vitaa vinaonyesha wapi umeme upo na wapi umezimwa. Fundi hapandi nguzo mpaka mmoja wetu azime, ahakikishe, amwambie kwa redio kwamba laini imekufa, kisha atie sahihi.

Mtaa wenu nimeuona kwenye orodha. Mtafikiwa Juni. Najua jenereta yako ndiyo inayowasha nyumba zote hapo, kwa hiyo nakuomba: waya zetu zikifika, zako zing'oe, au uweke swichi ya kubadilishia, ili mtaa upokee umeme wa upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Usilipuuze hili.

Mpe Mama picha iliyomo ndani ya bahasha.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tu wazima. Kiuno kipo, tumeshazoeana.

Picha imefika. Mama ameitundika sebuleni, palepale palipokuwa na cheti changu cha ufundi. Cheti sasa kiko chumbani kwangu, nyuma ya mlango. Sisemi kitu, nakupa habari tu.

Huku ni gridi asubuhi, gridi jioni. Muuza mkaa gridi, mshona viatu gridi. Jana mama mmoja ambaye nimemwashia taa miaka kumi na moja ananiuliza, "Bwana Taa, gridi ya dada yako inafika lini?" Ya dada yangu. Kumbe una gridi na hukuniambia. Ni neno gani hilo lenyewe? La Kiingereza, sawa, lakini ukiwauliza maana yake wanakutolea macho tu. Mimi umeme nauita umeme.

Na kumenya waya ulijifunzia mezani kwangu, kwa plaizi yangu, ukanikata hata kidole. Leo ndiyo unanifundisha swichi.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Hali yangu nzuri, nawaombeeni nanyi hivyo hivyo. Nilicheka nilipofika kwenye kidole, kisha nikaacha kucheka. Mwambie Mama arudishe cheti mahali pake. Picha inaweza kukaa popote.

Umeuliza maana, nami nakujibu kama ulivyokuwa ukinijibu mimi nikiwa mdogo, bila kunikejeli. Waingereza wana chuma cha kuchomea nyama juu ya makaa, kimejaa vyuma vyembamba kama dirisha lenye nondo. Neno gridi limekatwa kutoka jina la chuma hicho. Wachora ramani wakalitumia kwa mistari yao inayopishana, halafu watu wa umeme nao wakalitumia kwa laini zao. Kwa hiyo gridi si umeme, si shirika, wala si nguzo. Ni mabwawa, mitambo, laini, transfoma na majumba, vyote vikiwa vimeshikana. Fyuzi moja ikiungua mtaani watu husema gridi imekatika. Haijakatika. Gridi ikianguka kweli, nchi nzima inakaa gizani.

Ndiyo maana sichoki na habari ya swichi. Wewe unaona umeme utatoka kwetu kuja kwenu, basi. Lakini ukiwasha jenereta bila kujitenga, umeme wako utarudi kwenye laini. Transfoma inayoupunguza ukija ndiyo itakayoukuza ukirudi. Utatoka kwako wa kuwasha taa, utafika nguzoni wa kuua mtu. Na fundi aliye juu nitakuwa nimeshamwambia laini imekufa.

Ukishaunganishwa, kaka, na wewe ni gridi.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama hajambo, anakula vizuri.

Umeme wenu ulifika Jumatatu. Mwenyekiti wa mtaa alihutubia mpaka watu wakatafuta pa kukaa. Alikutaja mara nne, nilihesabu. Mimi niliyevuta waya wa kwanza hapa sikutajwa hata kwa bahati mbaya. Nilipiga makofi na wenzangu, lakini roho ilikuwa inaniuma, sikufichi.

Siku ya tatu ukakatika, saa nane mchana. Saluni imejaa wateja, mashine ya kusaga imesimama. Nikawasha jenereta. Mtaa ukawaka, watu wakatoka nje wakiniita, Bwana Taa, Bwana Taa. Nilijiona mtu tena. Mwenye mashine alisema gridi ni ya kupigia picha, umeme ni wa Bwana Taa. Maneno hayo nimemsimulia Mama mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama chini ya picha yako.

Swichi niliweka, usianze.

Kaka yako

9 Julai

Kaka,

Shikamoo. Habari za afya utanisamehe, leo siziwezi.

Jumanne saa tisa alasiri laini ya kwenu ilikuwa na hitilafu. Zamu ilikuwa yangu. Nilizima, nikahakikisha, nikamwambia fundi wa nguzo laini imekufa, nikatia sahihi. Alipanda. Alipokuwa anaunyanyua waya wa kupeleka ardhini umeme wowote uliobaki, kabla hajaufunga, umeme ukamrusha. Mkanda ndio uliomshika asianguke. Yuko hospitali, mkono wa kulia umeungua mpaka kwenye kiwiko. Ana watoto wawili.

Wanasema mimi niliwasha laini kabla ya wakati. Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka kikao.

Jenereta yako ilikuwa inawaka Jumanne saa tisa? Nijibu hilo tu.

Mdogo wako

30 Julai

Kaka,

Shikamoo. Wiki tatu hujajibu. Mama ananiambia kwa simu kwamba unaumwa, hutoki chumbani. Akaniambia pia, kwa sauti ya pole, kwamba hata wasomi hukosea. Sijui nani kamwambia nimekosea.

Kikao ni tarehe kumi na nne Agosti, saa nne asubuhi. Kila nikifikiri, jibu ni lile lile, lakini sikuona kwa macho yangu na sitakutaja. Nilikuwa nakuonea wivu utotoni, kaka, kwa sababu kitu kikiharibika nyumbani Mama aliita jina lako, hakuniita mimi hata siku moja. Nikasoma umeme ili na mimi niitwe. Nilidhani tumeshalipana.

Mdogo wako

14 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, kwa zile shikamoo zote ambazo sikuziitikia.

Ilikuwa inawaka. Swichi sikuweka. Niliinunua, ikakaa kwenye boksi chini ya kitanda, kwa sababu kuifunga ilikuwa ni kukubali kwamba wewe sasa ndiye unayejua. Watu walipoanza kusema kosa ni la mdogo wa Bwana Taa, nilinyamaza. Kumwambia Mama umekosea, nilimwambia mimi. Akaishusha picha, akakirudisha cheti. Nililala vizuri siku mbili, halafu usingizi ukakata kabisa.

Jana nilimwambia Mama ukweli. Alinifungia chakula cha safari.

Naandika nikiwa kwenye benchi la nje ya chumba chenu cha kikao. Mlango hawakuufunga vizuri. Nakusikia unawaambia kwamba umeme uliomuunguza fundi uliingia kutoka sehemu nyingine ya gridi. Wanakuuliza sehemu gani, mara ya tatu hii, na wewe unasema huwezi kujua. Unajua. Sauti yako haitetemeki hata kidogo, na hata sasa, mdogo wangu, nakuonea wivu kwa hilo.

Karani atakupa karatasi hii. Usiisome mpaka mwisho kabla hujaniangalia, kwa sababu mimi ndiye ninayeingia nyuma yake.

Kaka yako