Samaki wa Claude Hawapewi Dagaa

Jumapili, 11 Juni 1995

Tangi la samaki limesimama! Vioo vitano, vyote vya dirisha la duka lililobomolewa mjini, na Claude kavibandika mwenyewe kwa gundi aliyokuja nayo kutoka kazini. Kafanya akiwa amekaa mkekani, maana kusimama kunamchosha. Kazi yangu ilikuwa kushika kioo. Kanigombeza tangu asubuhi — mkono unatetemeka, shika huku, si huko. Nikahamisha mkono. Mgonjwa anayegombeza bado ana nguvu, na nguvu hizo nazitaka.

Miaka kumi mume wangu alikuwa anazamia ziwani Ikola, akikamata samaki wa rangi wanaopandishwa ndege kwenda Ulaya kukaa sebuleni kwa watu. Mimi hapa Kawajense na cherehani yangu, yeye huko chini ya maji. Sasa koo limefunga. Hospitali walisema ni uvimbe kwenye njia ya chakula, hawawezi kuukata, turudi nyumbani tumpe kile kinachopita. Kinachopita ni uji mwepesi na maziwa anayotuletea Ng'washi, jirani yetu mwenye ng'ombe. Basi.

Anachotaka ni kuona tena alichokuwa anakiona kule chini. Nimemwambia sawa. Emelyne wetu nimempeleka Usevya kwa dada yangu. Nimemwambia mtoto ni likizo. Ukweli ni kwamba sitaki aone baba yake anavyokwisha.

Jumamosi, 17 Juni

Abednego, mzamiaji mwenzake, kafika na lori la dagaa. Kaleta madumu ya maji ya ziwa na mawe yaliyofungwa kwenye magunia yaliyoloweshwa. Samaki hakuleta. Claude kamkataza! Eti mawe kwanza. Yana ukoga wa kijani, unateleza ukiugusa, na huo ukoga ndio chakula cha samaki wenyewe. Tena maji ya kwenye tangi jipya bado ni machanga, anasema, hayajaweza kumaliza uchafu. Ukitia samaki leo watakufa kwa kinyesi chao. Tungoje wiki kadhaa.

Wiki kadhaa! Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo. Nani kamwambia tunazo?

Hewa tunaitia kwa tyubu ya gari. Naijaza kwa pampu ya baiskeli, halafu inatoka polepole kwenye kimpira chembamba mpaka chini ya tangi. Mapovu yanapanda. Umeme wa mji huu ungekuwa wa kuaminika, mabega yasingeniuma hivi.

Jumatano, 28 Juni

Maji yalipauka, yakawa na rangi ya kahawia, sasa yameng'aa. Mawe yanapata jua la asubuhi, likizidi navuta pazia — ndivyo nilivyoagizwa. Ukoga umesambaa. Claude anaukagua kama mkulima shamba lake la mpunga.

Uji leo haukuwa mzuri. Nilimbembeleza. Kijiko kimoja tu, baba Emelyne, kwa ajili yangu. Akanywa kwa ajili yangu. Kisha nikasikia anautapika, anakohoa polepole ili nisisikie. Nimesafisha beseni. Kesho nitauchuja zaidi.

Jumapili, 9 Julai

Samaki wamekuja. Sita. Weusi tii, na mkanda wa njano kiunoni — kama wamevalishwa! Mimi mwanamke wa cherehani nimekiri: mshono huo siuwezi. Walijificha, baadaye mmoja akatoka akaanza kukwangua jiwe kwa mdomo. Wote wakafuata. Kutwa wanakwangua.

Claude amecheka. Sikumbuki mara ya mwisho. Kanionyesha yule mkubwa anayefukuza wenzake, kasema kule Ikola kila mmoja wa aina hii ana jiwe lake na halitoki mikononi mwake mpaka afe. Nikauliza samaki ana mikono? Akacheka tena, akashika koo.

Sheria yake: hawalishwi. Mara chache jani la mchicha uliochemshwa, linasuguliwa kwenye jiwe, kidogo. Dagaa marufuku. Hawa utumbo wao ni wa majani, mrefu, ukiwatia nyama unaoza ndani. Tena chakula kinachobaki kinaoza majini, na maji yakiharibika wote wamekwisha. Kasema, "Wakifa, watauliwa na mtu mwenye huruma." Nikasema hapa nyumbani hayupo. Tukacheka wote wawili.

Ijumaa, 14 Julai

Mabukwe, mama yake Claude, kafika kutoka Mishamo. Nilitaka kumwita, nikaogopa, kaja bila kuitwa. Alipomwona mwanawe kitandani alikaa chini pale pale sakafuni, na mzigo wake bado kichwani.

Halafu akaniangalia mimi. Machoni mwake nililiona neno lenyewe. Mke yuko, jiko liko, na mtoto wa watu amebaki mifupa.

Mzigo ulikuwa unga. Mahindi, soya, na dagaa waliotwangwa laini — ule wanaopewa watoto waliokonda kliniki. Kautwanga mwenyewe. Nilimweleza habari ya koo, taratibu, kwa heshima zote. Alisikiliza. Kisha akauliza wale samaki wanakula nini. Nikasema hawalishwi, wanakwangua mawe.

"Nyumba hii," akasema, "hata samaki wanalala njaa."

Nilikuwa na jibu. Ni mama yake. Nikaubeba ule unga nikaupeleka jikoni.

Jumanne, 18 Julai

Nilikwenda sokoni kununua nyuzi. Kurudi — Claude amelala ubavu, macho yamemtoka, Ng'washi anampiga mgongoni. Mabukwe alikuwa amempa uji mzito wa ule unga. Ulikwama. Umetoka, Mungu mkubwa.

Mabukwe alikuwa nje, anaosha bakuli. Aliliosha muda mrefu sana. Ningesema nini, wakati mimi mwenyewe asubuhi ile nilikuwa nimembembeleza Claude tena?

Alhamisi, 20 Julai

Nimemkosea adabu Mabukwe. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Asubuhi maji ya tangi yalikuwa meupe, kama maji ya kuoshea mchele. Harufu! Samaki wote juu, wanatweta, wawili matumbo yamevimba. Na chini, katikati ya mawe, tandiko la unga. Dagaa.

Hakukana. Kasema aliwapa juzi, jana na leo alfajiri, kiganja kimoja kimoja, kwa sababu kila akipita wanakuja kwenye kioo wanamtazama. "Kiumbe akikutazama usoni unampa. Nyie mnawezaje?"

Nikapayuka. Nilisema unaua kila unachokigusa. Nilisema! Kwa mama mkwe wangu, mlango wazi, jirani anasikia. Yeye akasimama tu, kiganja bado cheupe kwa unga.

Claude ndiye aliyetunyamazisha. Sauti yake sasa ni ndogo, ikabidi tunyamaze ili tumsikie. Tutoe theluthi ya maji. Tunyonye ule unga kwa mpira kutoka chini. Tujaze maji ya ziwa yaliyobaki kwenye madumu, polepole, yasiwashtue. Tyubu ijazwe mara mbili zaidi. Na wasipewe chochote, hata mchicha. Chochote.

Basi tukafanya. Mimi na Mabukwe, ndoo kwa ndoo, bila kutazamana. Maji machafu tulimwagia mchicha wangu nyuma ya nyumba. Wale wawili walikufa kabla ya mchana. Mabukwe akawaosha akauliza kama tuwakaange. Hakuwa anatania. Claude akatabasamu akasema hawana nyama, mama.

Jioni nilimpigia Mabukwe magoti nikaomba radhi. Akaniinua, akasema kwa Kirundi kwamba na yeye angepayuka.

Jumapili, 23 Julai

Mwingine kafa jana. Wamebaki watatu. Maji yameanza kung'aa. Mmoja leo kakwangua jiwe, kidogo, akaacha.

Mabukwe hakwenda kanisani. Kaketi mbele ya tangi, mikono mapajani. Kamuuliza mwanawe hawaumwi njaa hawa? Claude akamjibu kwamba tumbo likishafunga, chakula ndicho kinachouma. Ukimwacha anapumzika. Anayepona atapona, na asiyepona hatateseka. Aliongea kwa vipande, akisimama kupumzika.

Halafu akafumba macho. Nikadhani amelala. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha uji mkononi, ule niliouchuja mara mbili kwa kitambaa cha khanga. Akafumbua macho akatutazama sote wawili.

"Na mimi mniache hivyo hivyo," akasema. "Mama. Donatille. Mniache hivyo."

Mabukwe hakugeuka. Mimi nilirudi jikoni na kikombe changu.

Jumatatu, 24 Julai

Nimempelekea uji. Kafunga mdomo. Nikasema kwa ajili yangu. Hakufungua.

Nina hasira naye. Ndiyo, nina hasira na mgonjwa! Miaka yote nikikaa peke yangu Kawajense nikiomba asizame, leo ananiambia nikae nitazame akizama humu ndani mikono yangu ikiwa mitupu.

Alhamisi, 27 Julai

Tulikuwa tunachambua mchicha. Umestawi mno tangu yale maji machafu, majani mapana kama viganja. Mabukwe akaanza kusimulia mwenyewe, sikumuuliza. Mwaka wa kukimbia vita kwao, Claude akiwa mtoto, alishikwa na homa porini na akakataa kula. Walikuwa na mihogo mibichi tu. Aliitafuna yeye, akamsukumia mtoto mdomoni. Akitema anamrudishia. Akifunga mdomo anambana pua. Watu walimwambia amwache afe kwa amani, wao waendelee na safari. Hakumwacha.

"Aliishi kwa sababu nilimlazimisha," akasema. "Sasa nitajuaje kama mara hii ni tofauti?"

Nilimshika mkono, una kijani cha mchicha. Nimemchukia mama huyu wiki mbili nzima, na leo nimeona aibu.

Baadaye akaingia kwa Claude, akakaa naye peke yao, wakazungumza Kirundi kwa sauti ya chini. Alipotoka alichukua kile kifuko cha unga, akakifunga, akakipeleka kwa Ng'washi ampe mjukuu wake.

Jumamosi, 29 Julai

Tangu jana anataka tu kitambaa kibichi midomoni. Haumwi sana, anasema. Asubuhi kamtaja Emelyne. Nimekwishatuma ujumbe, na gari la mchele kutoka Usevya linafika Jumatatu. Nimemwambia Jumatatu. Kafumba macho, nadhani ni ndiyo.

Akina mama wa kanisani wamekuja na vyungu vyao, kama ilivyo desturi — mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Wali, supu ya kuku, ndizi. Swali lao la kwanza lilikuwa lile lile: amekula nini leo? Nilikuwa nimejikunyata jikoni, sikutaka kutoka. Wakimkuta hivyo watasema nini juu yangu? Mabukwe akasimama mlangoni akawapokea.

"Hali tena," akawaambia. "Mkazamwana wangu hamnyimi. Chakula kimemkataa. Karibuni mkae naye."

Wakakaa. Wakaimba kidogo. Wakaondoka. Nililia nikiwa nimeshika sufuria, kwa maneno yale tu.

Sasa ni alasiri. Nimejaribu kushona, mshono unakwenda upande. Pumzi zake zimebadilika — inakuja moja, halafu unangoja. Nimekaa nikisikiliza na nikijiambia Jumatatu. Ni keshokutwa tu! Mtoto atashuka kwenye gari akimbie amkute baba yake macho yamefunguka. Maziwa kidogo yangemfikisha. Kijiko, au viwili. Nimewasha moto. Nimepika uji mwepesi kuliko wote niliopika maishani, maziwa na maji na chumvi kidogo, nimeuchuja. Nikaubeba.

Mabukwe amekaa kwenye kigoda, katikati ya mlango wa chumba.

Nikasema naomba nipite. Akatazama bakuli, akaniuliza kama Claude ameniomba. Nikasema Emelyne anakuja Jumatatu.

"Najua," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyafuta. Hakusogea.

Nimerudi mezani na bakuli. Ninaandika likiwa hapa mbele yangu, bado la moto. Toka hapa namwona mgongo wake, ameugeuzia kwangu, anamtazama mwanawe. Nimemwita mara mbili, kwa heshima. Mabukwe, naomba unipishe. Amenisikia, najua amenisikia.