Ramani Niliyochora Imemufunga Papa Désiré

Mpendwa mama mushauri, naomba msaada. Niko assistante, mwalimu musaidizi, kwenye faculté ya sayansi ya chuo kikuu hapa Kisangani, niko na mume, Lukumani, na mutoto wa miezi saba, na tangu mwaka jana mimi na mwalimu wangu, papa Désiré, tunachunguza meduza, kiumbe laini kama uji, kidogo kupita kifungo cha shati, kinafunguka na kufunga kama mwavuli, tulikikuta kwenye maji yaliyotulia ya mto Tshopo, na vitabu vyetu vyote vinaonyesha aina zenye mikono ya safu nyingi lakini hiki kina safu moja tu, mikono ishirini na ine, donc tunaamini ni aina ambayo haijulikani bado. Bon, mimi ndiye nilichora ramani ya mahali tulipojazia kila chupa ya meduza, na namba yake, na daraja la mto nikaliweka humo, na wiki iliyopita askari wa barrière, kile kizuizi cha barabarani, waliikuta katika mufuko wa papa Désiré, wakasema ni mupelelezi wa jeshi lile lingine wanalopigana nalo, wakauliza, "Nani alichora?" naye akajibu, "Ni mimi." Nilikuwa hatua tatu nyuma yake, nikanyamaza, wakamupeleka kambini. Leo ni siku ya tano, hatujui kama anapumua, kila pikipiki ikisimama mbele ya nyumba nabeba mutoto nakimbilia jikoni, na Lukumani anasema, "Tupa chupa zote mtoni, watatuua." Nijitokeze niseme, ao ninyamaze?

Mama Angèle, Mangobo

Angèle,

Kwa dakika ile ya barrière sikuhukumu, hofu ilikufunga mdomo. Zinazonikasirisha ni hizi siku tano. Mzee anateseka kwa mchoro wako, nawe bado unauliza kama useme. Utasema. Lakini kambini usiende peke yako. Waombe doyen, mkuu wa faculté, na padri wa parokia wakusindikize, asubuhi, na mtoto abaki na baba yake. Lukumani asiguse chupa hata moja. Namba za chupa si ndizo zilizo kwenye ramani? Basi mpe kamanda chupa mkononi, aone kiumbe, asome namba, aitafute mwenyewe kwenye karatasi. Daraja ulilichora bila kufikiri. Kiri hivyo mbele yake, na mpaka vita viishe andika mahali kwa maneno tu.

Jibu hili nilikupelekea kwa mkono Jumatatu. Nalichapa leo kwa ruhusa yenu, kwa kuwa papa Désiré amerudi nyumbani. Sikio lake la kushoto halisikii tena. Kaa upande wake wa kulia, mmalize kazi, na mtakapotangaza kiumbe hicho, jina la mzee litangulie lako.